Maumivu ya Moyo na Bawabu wa Kisogoni



Mwaka juzi alinijia zahanati mzee mmoja mvuvi, ameushika mkono wake wa kushoto kama mtu aliyepakata mtoto. Akaniambia, "Daktari mwanangu, mkono huu umechoka. Tangu alfajiri unauma kwa ndani, kama mfupa unasagwa." Nilimwuliza usiku alikuwa na kazi gani, akasema walikuwa ziwani wakivuta wavu wa usipa. Nikamwuliza kama kifua kinamwuma. Akasema kifua hakina neno, ila anahisi kichefuchefu kidogo, labda kwa sababu hajala. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni, ingawa ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba na watu wengine pale barazani walikuwa wamejifunika mashuka. Nikadhani ni jasho la kazi. Nikampa dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu, nikamwambia, "Baba, pumzika siku tatu, usiguse wavu."

Jioni maumivu yakakoma kabisa. Mzee akafurahi, akanitumia bakuli la usipa kwa mkono wa mjukuu wake, kuwa ni shukrani.

Wiki ya pili hakuweza tena kulala chali. Kila akilala pumzi inakata, na miguu yake ilikuwa imevimba. Tukampeleka hospitali, wakampima moyo kwa mashine ya umeme, wakaona kwamba sehemu ya msuli wa moyo wake ilikuwa imekwisha kufa. Yule mkono uliosagwa alfajiri ile haukuwa mkono. Ulikuwa moyo. Mzee yu hai, anameza dawa zake, lakini wavu wake sasa unavutwa na wanawe.

Makala haya nayaandika kwa sababu ya bakuli lile la usipa. Mimi na yeye tulidhani kwamba maumivu yakiisha, ugonjwa umeisha. Nimesoma tangu hapo, nimewauliza walionizidi elimu, na ninataka kukueleza jinsi habari za maumivu zinavyotoka moyoni hadi tunapozihisi, na kwa nini njiani zinaweza kupunguzwa, kuongezwa au kupelekwa mahali pengine.

Moyo unahisi nini?

Mwiba ukikuchoma kidoleni, unaweza kupagusa mahali penyewe hata kama umefumba macho. Moyo hauko hivyo. Daktari mmoja Mwingereza, William Harvey, yule aliyeonyesha kwamba damu huzunguka mwilini, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1651 habari za kijana aliyeumia kifuani utotoni akabaki na tundu kubwa, hata moyo ukaonekana ukipiga. Harvey aliugusa moyo ule kwa vidole. Kijana hakujua kama ameguswa, isipokuwa alipoona kwa macho yake au ngozi ya nje ilipoguswa.

Lakini moyo huo huo usiojua kidole hulia ukinyimwa damu. Usidhani moyo hunywa ile damu inayopita ndani yake. Msuli wake hulishwa na mishipa yake maalumu iliyouzunguka kwa nje, kama mizizi inavyolizunguka jiwe. Mishipa hiyo ikiingia mafuta na kuwa myembamba, mtu akipanda mlima au akivuta kitu kizito moyo unadai damu nyingi na haipati. Hapo kifua hubana, na akipumzika huachia. Mshipa mmoja ukizibwa kabisa na bonge la damu, msuli unaotegemea mshipa ule huanza kufa baada ya dakika 20 au 30, na katika muda wa saa 6 hivi sehemu kubwa yake huwa imekwisha. Hilo ndilo tunaloita shambulio la moyo. Msuli unaokosa hewa safi hutoa asidi na kemikali nyingine, nazo huziwasha ncha za mishipa ya fahamu iliyomo moyoni.

Mishipa ya fahamu si mishipa ya damu. Ni nyuzi zinazochukua habari, kama zile nyaya za simu za zamani.

Tarishi mmoja, nyumba mbili

Kutoka moyoni habari hupita njia mbili. Njia ya kwanza huingia mgongoni. Ndani ya mifupa ya mgongo kuna kamba nene ya fahamu, laini kama uboho, ambayo wengi huiita uti wa mgongo. Nyuzi za moyo huiingia kamba hiyo kwenye pingili za juu za kifua, kuanzia ya kwanza hadi ya tano hivi. Sasa sikiliza jambo hili. Kwenye pingili hizo hizo ndipo zinapoingia pia nyuzi za ngozi na misuli ya kifua, za bega, na za upande wa ndani wa mkono. Zote hukutana na kukabidhi habari zao kwa nyuzi zilezile zinazopanda kwenda ubongoni.

Ni kama kitongoji chenye tarishi mmoja anayechukua barua za nyumba mbili. Nyumba ya mkono huandika kila siku: nimegonga kafi, nimebeba ndoo, nimeumwa na siafu. Nyumba ya moyo inaweza kukaa miaka hamsini bila kuandika hata mstari. Siku moja tarishi anafika ofisini mbio na barua isiyo na jina. Karani atasema imetoka wapi? Bila shaka atasema kwa mkono, maana ndiko barua zinakotoka siku zote. Ndiyo sababu yule mzee alisema kweli aliposema mkono unauma. Karani wake wa ubongoni ndiye aliyekosea, na mimi nikakosea pamoja naye.

Njia ya pili haipiti mgongoni. Kuna mshipa mrefu wa fahamu uitwao vagasi. Unashuka kutoka chini ya ubongo, unapita shingoni kando ya mshipa mkubwa wa damu, unafika moyoni, kwenye mapafu, kwenye tumbo na matumbo. Watu wengi, hata sisi tulipokuwa chuoni, tumezoea kuuona vagasi kama mshipa wa kuamrisha, yaani kupunguza mapigo ya moyo na kuendesha tumbo. Kumbe sehemu kubwa ya nyuzi zake hazishuki na amri, bali zinapanda na habari. Habari hizo hufikia mahali panapoitwa shina la ubongo.

Shina la ubongo ni nini?

Weka mkono wako kisogoni, pale shingo inapokutana na fuvu. Ndani kabisa ya hapo ubongo unanywea na kuwa kama kikonyo cha tunda, unene wake kama kidole gumba, kisha unateremka na kuwa ile kamba ya mgongo. Kikonyo hicho ndicho shina la ubongo. Mvuvi anayepiga kambare rungu nyuma ya kichwa analijua bila kulijua, kwa kuwa pigo likifika pale samaki hutulia mara moja.

Ni kitu kidogo chenye kazi nzito. Hapo ndipo kunakoendeshwa kupumua, kumeza, kutapika, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, usiku na mchana, umelala au uko macho. Kazi nyingine, ambayo haikujulikana vizuri mpaka juzi juzi, ni kulinda lango la maumivu.

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa fikra kwamba mgongoni, pale nyuzi zinapokabidhiana habari, kuna kitu kama lango. Si kila habari ya maumivu inapita. Nyingine hupita nzima, nyingine nusu, nyingine huzuiwa. Mengi ya maelezo yao yalisahihishwa baadaye, lakini fikra yenyewe ya lango imebaki. Kisha mwaka 1969 David Reynolds alijaribu jambo ambalo wengi hawakuliamini. Alitia umeme kidogo katika sehemu ya juu ya shina la ubongo wa panya, sehemu ya rangi ya kijivu inayozunguka kifereji cha maji ya ubongo, kisha akawapasua tumbo bila dawa ya usingizi. Panya walikuwa macho, lakini hawakuonyesha dalili za maumivu ya kupasuliwa.

Maana yake ni kwamba lango liko mgongoni, bawabu yuko kisogoni, na kati yao kuna kamba. Bawabu akiivuta kamba, lango linafunga. Sehemu ya juu ya shina hutuma amri sehemu ya chini ya shina, nayo huteremsha nyuzi ndefu mgongoni. Huko hutolewa kemikali, kama vile serotonini na noradrenalini, zinazopunguza sauti ya habari inayotaka kupanda. Mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Uskochi, waligundua kwamba ubongo wenyewe hutengeneza vitu vinavyofanya kazi kama mofini. Waliviita enkefalini. Mofini tunayomchoma mgonjwa hospitalini, basi, haileti jambo geni mwilini. Inatumia kufuli ambazo bawabu anazo siku zote, na ufunguo wake mwenyewe anao.

Bawabu huyu aliwekwa kwa faida yetu. Daktari Henry Beecher, aliyewahudumia askari wa Marekani huko Italia mwaka 1944, aliona wengi wenye majeraha makubwa ambao, walipoulizwa, walisema hawahitaji dawa ya maumivu. Hapa kwetu huna haja ya kwenda vitani. Waulize waliowahi kukamatwa na upepo wa mwera katikati ya ziwa. Mtu hupiga kafi saa tatu viganja vimechubuka, na hahisi kitu mpaka mtumbwi uguse mchanga. Kama maumivu yangepita yote, angeachia kafi, na mtumbwi ungepinduka.

Lakini bawabu ana mikono miwili. Wataalamu wamezikuta katika sehemu ya chini ya shina chembe za namna mbili, nyingine zinazofunga lango na nyingine zinazolifungua zaidi. Mtu mwenye hofu kubwa, aliyekosa usingizi siku nyingi, au aliyeumwa muda mrefu, huenda bawabu wake akalipanua lango hata habari ndogo ikaingia kama kelele. Wapo wagonjwa wanaobanwa kifua kweli kweli, na mishipa ya moyo wao ikipimwa inaonekana wazi. Hao tusiwaambie wanajisingizia. Maumivu yao ni ya kweli, hata kama mishipa mikubwa ya moyo haina ziba.

Habari za moyo zikifika kwa bawabu

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mwenye mzazi nyumbani alielewe. Kumbuka kwamba moyo una njia mbili, na moja, ile ya vagasi, inaingia moja kwa moja katika shina la ubongo. Habari zikimfikia bawabu kwa njia hii, anaweza kuivuta kamba na kuzipunguza zile zinazopanda kwa njia ya mgongo. Majaribio kwa panya na nyani yameonyesha jambo hilo: vagasi ikichochewa kwa umeme wa kutosha, nyuzi za mgongoni zinazobeba habari za moyo na kifua hupungua kelele. Lakini pingili za juu kabisa za shingo huongezewa kelele badala ya kupunguziwa. Huenda ndiyo sababu mmojawapo wa kuwapo watu ambao moyo ukishambuliwa hawaumwi kifua, ila wanaumwa shingo, koo, taya, hata meno ya chini. Mtu wa namna hiyo anakwenda kutafuta wa kumng'oa jino.

Bawabu, basi, anaweza kuizuia barua isimfikie karani. Lakini yeye mwenyewe ameisoma! Naye ndiye mwenye mamlaka ya jasho, ya kutapika, ya mapigo na ya pumzi. Kwa hiyo, mtu asemaye haumwi sana, huku jasho la baridi linamtoka, uso umepauka, anataka kutapika, mapigo yake yamekwenda mbio au yamepoa kupita kiasi, huyo mwili wake umekwisha kutoa habari kwa njia nyingine. Yule mzee wangu alikuwa na jasho na kichefuchefu. Nilivitazama vyote viwili nikaona kazi na njaa.

Kutapika kunatudanganya zaidi. Sehemu ya chini ya moyo imekaa juu ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na ikishambuliwa mara nyingi mtu husikia maumivu pale katikati chini ya kidari, akatapika. Lugha yetu yenyewe imepaita mahali pale chembe cha moyo, ingawa ni mlango wa tumbo. Mtu akisema moyo unamchoma, sisi tunasikia kiungulia, tunampa dawa ya tumbo. Mara nyingi huwa ni kiungulia kweli. Kwa kijana aliyekula mihogo mibichi sina wasiwasi. Kwa mtu wa miaka 50 ambaye hajawahi kuugua tumbo, na leo analoa jasho, nina wasiwasi mkubwa.

Maumivu yakipungua

Watu wengi wa mwambao huu wakibanwa kifua au mkono huanza na kuchuliwa, kuumikwa au kuchanjwa chale, na wengine huombewa. Sitaki kumkejeli mtu. Nataka useme nami ukweli ulio mgumu zaidi: mara nyingi maumivu hupungua kweli. Kusugua ngozi ya mkono huingiza habari nyingine kwenye pingili zilezile za mgongo, na lango hunywea. Maneno ya mtu unayemwamini nayo humfikia bawabu. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walichukua watu waliong'olewa meno, wakawapa dawa isiyo dawa. Baadhi yao wakapata nafuu. Walipochomwa naloksoni, dawa inayozuia mofini, nafuu ile ikapungua. Maana yake mwili ulikuwa umetoa mofini yake wenyewe kwa sababu ya kuamini.

Kwa hiyo anayekuchua hakudanganyi, na dawa yangu ya kuchua haikumdanganya mzee. Lango lilifungwa. Lakini mshipa wa damu ulibaki umezibwa, na msuli ukaendelea kufa kimya kimya nyuma ya lango. Tena kuna sababu nyingine ya maumivu kukoma, mbaya kuliko zote: msuli uliokwisha kufa hauandiki barua tena.

Nawaomba pia wauguzi na waganga wenzangu tujihadhari na ile sindano tuliyoizoea ya diklofenaki. Kwa mtu anayeshukiwa moyo haifai. Inamwongezea hatari, na inatunyima macho ya kuona.

Nani hasikii kabisa?

Wapo ambao barua haifiki hata kwa bawabu. Ugonjwa wa kisukari ukikaa miaka mingi huharibu nyuzi ndogo za fahamu. Tunaona miguuni, mtu anakanyaga msumari hajui. Nyuzi za moyo nazo huharibika vivyo hivyo, za njia zote mbili. Mtu wa namna hii huenda asipate maumivu wala jasho, ila siku moja anaishiwa pumzi akipanda kilima alichokipanda jana bila taabu, au anachoka ghafla mpaka hawezi kuinua jembe.

Imeonekana pia kwamba watu wenye shinikizo la juu la damu, kwa jumla, huhisi maumivu kidogo kuliko wengine. Habari za shinikizo huingia katika sehemu ileile ya shina la ubongo ambako vagasi inafikia, na inaelekea bawabu akisikia shinikizo liko juu hulegeza maumivu. Tazama mambo yalivyo: aliye hatarini zaidi ndiye anayeonywa kidogo zaidi. Wazee nao, na wanawake kuliko wanaume, mara nyingi huja na uchovu, kukosa pumzi na kichefuchefu badala ya ule mbano wa kifua unaoandikwa vitabuni. Mama akisema, "Nimechoka tu, mwanangu," mwulize zaidi.

Katika mji wa Framingham, Marekani, watu wamefuatwa afya zao tangu mwaka 1948. Taarifa ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba zaidi ya robo ya mashambulio ya moyo hayakutambuliwa yalipotokea. Yaligunduliwa baadaye kwa kipimo cha umeme, kama ilivyokuwa kwa mzee wangu. Usiseme hayo ni ya Wazungu. Hapa Tanzania, utafiti uliofanywa katika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, Moshi, ukachapishwa mwaka 2020, uliwapima watu wazima waliofika wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na shambulio la moyo, na katika hao, zaidi ya wawili katika kila watano walikuwa wamekufa kabla ya siku 30 kupita. Wazazi wetu walijifunza mbu na vyoo katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vikundi vikisikiliza redio chini ya miembe. Moyo haukuwamo katika somo lile, na siku hizi umekwisha kuingia vijijini bila kubisha hodi.

Ufanye nini?

Mtu mzima akipata mbano au uzito wa kifua, au maumivu yasiyo na sababu ya wazi ya mkono, bega, shingo, taya au chembe cha moyo, na yakadumu zaidi ya dakika 15, au yakaja pamoja na jasho, kutapika, kupauka au kukosa pumzi, mchukue kuwa ni mgonjwa wa moyo mpaka apimwe. Si kazi yako kuwa na hakika. Unaweza kujaribu jambo moja dogo: mwinulie mkono unaouma, ukunje, ubonyeze. Maumivu ya msuli au kiungo mara nyingi huongezeka ukigusa au kugeuza. Ya moyo kwa kawaida hayajali mkono umekaaje. Lakini jaribio hili lisikuchelewesha, wala lisikupe moyo wa kumwacha nyumbani.

Mketishe ameegemea, mlegezee nguo. Asitembee kwa miguu kuja zahanati, hata kama ni karibu na yeye mwenyewe anasema anaweza. Vijiji vyetu vingine vimebanwa kati ya mlima na maji, na njia ya haraka ni mtumbwi. Basi apakiwe kama abiria, asiguse kafi. Kama anaweza kumeza, na hajawahi kudhurika na aspirini, wala hana vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, na hana dalili za kiharusi kama mdomo kwenda upande au mkono kulegea, atafune aspirini ya miligramu 300. Aitafune, asiimeze nzima, ili ifanye kazi upesi. Aspirini hapa haitumiki kutuliza maumivu. Inazuia bonge la damu lisizidi kukua. Usimpe pombe, usimpe chakula kizito. Ongea naye kwa utulivu, usipige yowe karibu naye. Umekwisha kuelewa kwamba hofu hulipanua lango, na tena huuchapua moyo ambao tayari hauna damu ya kutosha.

Zahanati nyingi hazina mashine ya kupima moyo kwa umeme, kwa hiyo tutampa huduma ya kwanza na kumpeleka hospitali bila kulaza. Huko kuna kipimo, na kipimo cha kwanza kikionyesha sawa hurudiwa, maana mwanzoni alama zaweza kukosekana. Wanaohitaji kuzibuliwa mshipa kwa mrija maalumu hupelekwa mbali, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Kwa mtu wa Mbamba Bay huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo saa zinazopotea kijijini haziwezi kufidiwa barabarani. Wenye kisukari na shinikizo la damu wasingoje maumivu ndipo waje. Waje kupimwa siku zao zikifika, na wavuta sigara waziache, kwa kuwa ndizo zinazoharibu mishipa ya moyo wakati bawabu hana habari.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: tukiwa njiani, mgonjwa akasema sasa maumivu yamekoma, turudi? Msirudi. Endeleeni na safari, na mkifika mwambieni mganga mambo mawili: saa maumivu yalipoanza, na saa yalipokoma.